Mbuzi au Ng'ombe: Faji ya Tbilisi na Bakteria wa Kutupa Mimba

Kisiwani Malta, mwishoni mwa karne ya 19, maziwa hayakuletwa mjini kwa chupa wala kwa kopo. Mbuzi wenyewe ndio walioletwa. Wachungaji waliwapitisha kwenye vichochoro vya Valletta, wakasimama mlangoni pa mteja, wakakamua hapohapo kwenye chombo alichokishika, kisha wakaenda mlango wa pili. Mteja alihakikisha kwa macho yake kwamba maziwa hayakutiwa maji. Mbuzi alikuwa mnene, mwenye manyoya ya kung'aa, na hakuna aliyemshuku.

Wakati huohuo, askari wa Uingereza waliokuwa na kambi kisiwani walilazwa kwa mamia wakiugua homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi usiku, viungo kuuma na unyonge uliodumu miezi. Wengi walipona polepole, baadhi walikufa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alichukua wengu wa askari waliokufa, akakuza kutoka humo bakteria mdogo wa mviringo na kumwita Micrococcus melitensis. Huyu ni Bruce yuleyule aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale, na ambaye jina lake limebaki kwenye Trypanosoma brucei, kimelea anayebebwa na ndorobo. Huko Malta alimpata mwuaji lakini hakujua alikuwa anaingilia mlango gani. Jibu lilitolewa mwaka 1905 na Themistocles Zammit, daktari wa Kimalta, alipopima damu ya mbuzi wazima wa afya na kukuta imeshapambana na bakteria huyo. Jeshi lilipiga marufuku maziwa ya mbuzi mwaka 1906, na homa ikashuka kambini kwa kasi.

Kaskazini kabisa, nchini Denmark, daktari wa mifugo Bernhard Bang alikuwa na tatizo ambalo kila mfugaji wa ng'ombe analijua: mitamba na ng'ombe wenye mimba walikuwa wakizitupa, mmoja baada ya mwingine, hadi zizi zima linabaki bila ndama. Mwaka 1897 Bang alieleza bakteria aliyemkuta kwenye mfuko wa uzazi, baadaye akaitwa abortus. Mwaka 1914 Jacob Traum akampata bakteria wa aina hiyo kwa nguruwe nchini Marekani. Hakuna aliyefikiri kwamba wanyama hawa watatu na askari wa Malta walikuwa na jambo moja. Bruce alikuwa ameona kitu cha mviringo, Bang kijiti kifupi. Wa kwanza alikuwa wa madaktari wa binadamu, wa pili wa madaktari wa mifugo, na vitabu vyao havikukaa rafu moja.

Aliyeviweka pamoja ni Alice Evans, mtaalamu wa bakteria aliyefanya kazi kwenye kitengo cha maziwa cha wizara ya kilimo ya Marekani. Mwaka 1918 alichapisha matokeo yake: bakteria wa Bruce na wa Bang ni ndugu wa karibu mno, na kama wa mbuzi anaweza kumwangusha binadamu, maziwa mabichi ya ng'ombe nayo hayawezi kuaminiwa. Alipingwa vikali, tena na watu wenye majina makubwa. Alikuwa mwanamke na hakuwa na shahada ya udaktari. Naamini mambo hayo mawili yalimchelewesha kusikilizwa kuliko udhaifu wowote wa ushahidi wake. Mwaka 1922 aliambukizwa bakteria huyo akiwa kazini, akaugua kwa vipindi kwa zaidi ya miaka 20. Karl Meyer na Shaw wa California walithibitisha kazi yake mwaka 1920 na kuwapa bakteria hao jenasi moja, Brucella, kwa heshima ya Bruce. Wafugaji wetu huuita ugonjwa wenyewe kutupa mimba, au brusela.

Tangu hapo swali likawa jingine. Wote ni ndugu, sawa, lakini ni yupi huyu tuliyemkuta leo? Swali hili si la wataalamu kujifurahisha. Melitensis ni wa mbuzi na kondoo, na ndiye mkali zaidi kwa binadamu. Abortus ni wa ng'ombe. Suis kwa sehemu kubwa ni wa nguruwe. Ukimjua bakteria aliyemlaza mgonjwa hospitalini, umejua uende kwenye zizi gani. Chanjo nazo ziligawanyika hivyohivyo: ya ng'ombe, S19, ilitokana na bakteria aliyechukuliwa na John Buck kwenye maziwa ya ng'ombe mwaka 1923 na kuachwa mezani kwa zaidi ya mwaka mpaka ukali ukampungua; ya mbuzi na kondoo, Rev.1, ilitengenezwa na Sanford Elberg na wenzake huko California katika miaka ya 1950. Ukikosea mnyama, fedha za chanjo zimepotea na ugonjwa unaendelea.

Kwa miongo kadhaa maabara zilijaribu kuwatenganisha kwa njia za mzunguko. Forest Huddleson wa Michigan alichanganya rangi mbili, thionini na fuksini, kwenye chakula cha bakteria, akaangalia nani anaota na nani anakufa. Wengine waliangalia nani anahitaji hewa ya kaboni ili aanze kuota, au nani anatoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Wilson na Miles wa Uingereza walitengeneza mwaka 1932 seramu mbili, A na M, za kutambua gamba la nje la bakteria. Kila kipimo kilisema kweli, ila havikusema kitu kimoja. Bakteria mmoja angeweza kuwa abortus kwa rangi na melitensis kwa seramu. Maabara mbili zingeweza kupokea kielelezo kilekile na kukipa majina tofauti, na kila moja ikawa na sababu za kuridhisha.

Msaada ulitoka kwa virusi.

Virusi vinavyokula bakteria, yaani bakteriofaji, au faji kwa kifupi, vilikuwa na asili ya mifugo tangu mwanzo. Frederick Twort, aliyevieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1915, alikuwa msimamizi wa taasisi ya tiba ya wanyama mjini London. Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliyevipa jina mwaka 1917, hakukawia kwenda mashambani Ufaransa kuvijaribu kwa kuku waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo. Aliyevutwa na kazi hiyo zaidi ya wote ni Mjojia mmoja kijana, George Eliava, aliyekutana na d'Hérelle mjini Paris kisha akarudi nyumbani Tbilisi na kuanzisha taasisi yake mwaka 1923. D'Hérelle mwenyewe alikwenda kufanya kazi huko katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1937, katika msako wa Stalin, Eliava alikamatwa na kuuawa kwa risasi. Taasisi yake haikufa. Iliendelea kama taasisi ya utafiti wa chanjo na seramu ya Tbilisi, na elimu ya faji ikabaki hai humo katika miaka ambayo nchi za Magharibi zilikuwa zimeiacha kwa ajili ya penisilini.

Magharibi faji ilibakiwa na kazi moja kubwa, ya kutambua bakteria. Mwaka 1938 Craigie na Yen, nchini Canada, walionyesha kwamba bakteria wa homa ya matumbo ya binadamu wanaweza kugawanywa katika makundi kwa kutazama ni faji zipi zinawaua. Lilleengen wa Sweden aliipeleka njia hiyo kwenye Salmonella ya mifugo mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1960 Ephraim Anderson, London, aliitumia kuifuata aina namba 29 ya Salmonella Typhimurium kutoka kwa ndama wa Uingereza hadi kwa binadamu, akaona imebeba usugu dhidi ya dawa nyingi. Kazi hiyo ilichangia ripoti ya kamati ya Swann ya 1969 iliyotaka dawa za tiba zisitiwe ovyo kwenye vyakula vya mifugo. Historia ya Salmonella ni ndefu na inastahili makala yake.

Kwa Brucella faji ilichelewa. Mara kwa mara mtafiti alidai ameipata, na wengine wakashindwa kuipata tena. Hali ilibadilika huko Tbilisi katika miaka ya 1950. Popkhadze na Abashidze, watafiti wa taasisi ileile aliyoiacha Eliava, walipata faji iliyomaliza bakteria wa kutupa mimba bila shaka yoyote, tena iliyoweza kutunzwa, kuongezwa na kusafirishwa. Taarifa yao ilitoka mwaka 1957. Faji hiyo iliitwa Tb, kwa jina la mji. Ilikuwa miaka ya vita baridi, lakini Tb ilivuka mpaka: ikafika Poland, Uingereza na Marekani, na Shirika la Afya Duniani likaipa nafasi katika majarida yake.

Namna inavyotumika ni nyepesi kueleza, na imebaki karibu vilevile. Mtaalamu huanza kwa kuwachunguza bakteria wenyewe. Anaiinua sahani ya agari kwenye mwanga wa kutoka ubavuni na kutazama vijikundi vilivyoota: vile vya kufaa ni vya mviringo, laini, vinavyong'aa kidogo kama asali nyepesi. Vikiwa vikavu na vyenye mparuzo, kazi inasimama, kwa sababu bakteria amepoteza gamba la nje ambalo faji hulishika, na jibu lolote litakalotoka litakuwa la uongo. Akiridhika, anawachanganya bakteria kwenye maji ya chumvi, anawasambaza juu ya agari iliyokaushwa vizuri, anaacha uso unyonye. Kisha anadondosha matone madogo ya faji, kila tone mahali pake palipoandikwa chini ya sahani. Tone moja ni la kipimo cha kawaida, yaani kiasi kidogo kabisa cha faji kinachotosha kusafisha eneo lote la tone kwa abortus. Jingine lina nguvu mara 10,000. Sahani inawekwa kwenye kabati la nyuzi 37 pamoja na hewa ya kaboni kidogo, na husomwa baada ya siku moja au mbili.

Pale bakteria walipostawi, uso ni ukungu mweupe. Pale faji iliposhinda, kuna doa angavu, na agari inaonekana hadi chini. Kwa abortus, matone yote mawili huacha doa. Kwa suis, tone dogo halifanyi kitu, lile kali ndilo linalosafisha. Kwa melitensis ukungu unabaki mzima chini ya matone yote mawili.

Kazi hii hufanywa ndani ya kabati la usalama, kwa glavu na barakoa, kwa sababu Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza sana watumishi wa maabara. Hewa yenye matone machache yasiyoonekana inatosha. Evans hakuwa mtu wa kwanza wala wa mwisho.

Swali lililobaki ni kama doa la faji lina maana yoyote, au ni kipimo kingine tu cha kuongeza kwenye orodha ya vipimo vinavyogombana. Wanawake wawili walilijibu. Lois Jones, aliyekuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa bakteria hawa, alilinganisha mwaka 1960 majibu ya faji na yale ya vipimo vya zamani. Margaret Meyer wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alikuwa akipima jambo tofauti kabisa: ni vyakula gani, vya protini na vya sukari, bakteria huyu anavitumia na kwa kasi gani. Kazi ilikuwa ngumu, ya kupima pumzi ya bakteria kwenye vyombo vya kioo kwa chakula kimoja baada ya kingine. Mwaka 1961 aliziweka pamoja orodha zake na majibu ya faji, na zikaafikiana. Walioliwa na faji kwa kipimo cha kawaida walikula kama abortus; wasioguswa walikula kama melitensis. Njia mbili zisizohusiana zikafika mahali pamoja, na hapo ndipo mtu anapoanza kuamini kwamba mgawanyo upo kwenye maumbile yenyewe.

Uingereza ilikuwa na fumbo ambalo lilitatuliwa kwa njia hiyo. Kwa miaka mingi maabara za huko zilikuta kwa ng'ombe bakteria ambaye seramu ilimtaja kuwa melitensis. Jambo hilo lilitia wasiwasi, maana melitensis ni ugonjwa wa mbuzi na kondoo, na mtu angetaka kujua umeingia vipi kwenye ng'ombe wa nchi ile. Bakteria hao wakaitwa melitensis wa Kiingereza. Walipopewa faji, doa likatokea. Vyakula vyao navyo vilikuwa vya abortus. Kumbe walikuwa abortus muda wote, waliovaa gamba la M. Wakarudishwa kwenye spishi yao kama aina ya 5. Hakuna kondoo aliyehitaji kulaumiwa.

Kamati ya kimataifa ya uainishaji wa Brucella, iliyokutana Montreal mwaka 1962, iliikubali hoja hiyo, na Stableforth na Jones wakaitangaza mwaka uliofuata: spishi itaamuliwa kwa faji na kwa vyakula; rangi, gesi na seramu zitabaki za kugawanya aina ndani ya spishi. Naiona hatua hii kuwa ya ujasiri. Vipimo vilivyotumiwa na kila maabara kwa zaidi ya miaka 30 vilishushwa daraja, na virusi kutoka Tbilisi vikapewa kiti cha mbele.

Ukoo nao ukaendelea kukua. Brucella neotomae, wa panya wa jangwani wa Utah, alielezwa mwaka 1957. Kulungu wa nchi za barafu walikuwa na wao, na sungura wa porini wa Ulaya wa kwao, wote wakaingizwa chini ya suis. Kondoo dume wa New Zealand walikuwa na ovis, mbwa wakaja na canis. Hawa wawili wa mwisho ni wakavu kwa asili, hawana gamba laini, kwa hiyo Tb haiwafanyi chochote. Ikabidi zitafutwe faji nyingine, na kila moja ikachukua jina la mahali pake: Weybridge ya Uingereza, Firenze ya Italia, Berkeley ya California, Izatnagar ya India, na ile ya bakteria wakavu iliyoitwa R/C. Faji ya Berkeley iliweza hata kumwua melitensis, kitu ambacho Tb haikukiweza. Maabara yenye faji zote hizi ilisoma sahani moja na kuona doa hapa, ukungu pale, na kutoka kwenye mpangilio huo ikamtaja bakteria.

Mwaka 1985 uainishaji wote ulitikiswa. Jean-Michel Verger na wenzake, Ufaransa, walilinganisha DNA za spishi zote wakakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa kanuni za kawaida hizo si spishi sita, ni moja. Kamati ikaafiki, na kwa muda abortus na suis wakawa kwenye vitabu aina tu za melitensis. Madaktari wa mifugo hawakuipenda hata kidogo, na sioni wamekosea. Anayeshughulika na zizi anahitaji jina linalomwambia mnyama gani. Mwaka 2003, mjini Pamplona, kamati iliyarudisha majina ya zamani.

Siku hizi kazi kubwa ya kutambua hufanywa kwa kunakili vipande vya DNA, na jibu hutoka kwa saa chache badala ya siku. Faji hazijaondoka. Bado zimo kwenye miongozo ya kimataifa ya afya ya wanyama, na maabara za rejea zinaendelea kuzitunza. Jenomu ya Tb imesomwa, ina herufi zipatazo 41,000. Watafiti wa Mexico waliilinganisha mwaka 2012 na faji waliyoipata nchini mwao, upande mwingine wa dunia, wakakuta zinakaribia kuwa kitu kimoja.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii kwa jina. Kila spishi na kila aina ya Brucella ina mfano wake wa rejea, bakteria mmoja anayetunzwa ili wengine wote walinganishwe naye, na faji zote hujaribiwa kwake. Mfano wa abortus aina ya 3 unaitwa Tulya. Ulitoka kwa mgonjwa wa Uganda katika miaka ya 1950, na leo upo kwenye majokofu ya maabara za rejea za mabara mengi.

Nyumbani kwetu lakini swali la Malta halijaisha. Kipimo kinachotumika sana kwenye vituo vya mifugo na zahanati, cha kuchanganya tone la seramu ya damu na bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya Rose Bengal, kinasema kuna Brucella au hakuna. Hakiwezi kutofautisha abortus na melitensis. Katika maboma ambamo ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia hulala pamoja, melitensis huhamia kwa ng'ombe na kutoka kwenye maziwa yake, na mtu anayekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe huugua ugonjwa wa mbuzi. Ili kujua, lazima bakteria mwenyewe apatikane, kutoka kwenye kondo la nyuma, kwenye maziwa au kwenye tezi, akuzwe mahali salama, kisha atambuliwe kwa DNA au kwa faji. Akiwa ni melitensis, kuwachanja ng'ombe peke yao hakutoshi, maana mbuzi waliowaambukiza watakuwa bado zizini.